Mnywaji Akiwa Nyumbani Mwako: Mwongozo kwa Familia za Mandera

Mandera ni mji wa mipaka mitatu, na kwa upande wa pombe ni mji wa sheria tatu. Ukivuka Mto Daua ukaingia Suftu, uko Ethiopia, ambako tangu 2019 ni marufuku kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 21, na redio na televisheni haziruhusiwi kuitangaza. Ukielekea Bula Hawa, uko Somalia, ambako pombe imepigwa marufuku. Ukibaki upande wa Kenya, sheria inaruhusu mwenye leseni kumuuzia mtu aliyetimiza miaka 18. Na juu ya sheria hizo zote iko moja ambayo karibu kila nyumba inaifuata: khamri ni haramu.

Ndiyo maana watu wengi wa Mandera hawajawahi kuonja pombe, na hiyo ni neema kubwa kwa afya zao. Lakini wanywaji wapo. Wananunua gizani, wanakunywa gizani, na wakiugua familia inaficha ugonjwa ili jina lisichafuke. Mgonjwa anafikishwa hospitali akiwa hajitambui, na hata hapo daktari anaambiwa ni malaria.

Mwongozo huu ni kwako wewe unayejua, au unayeshuku, kwamba mtu wa nyumbani kwako anakunywa. Haukuombi uhalalishe lolote. Hukumu ya dini ibaki palepale. Kinachotakiwa kuondoka ni ile siri inayomzuia mgonjwa kufika kwa daktari mapema, kwa sababu madhara mengi ya pombe yanatibika yakiwahiwa, na baadhi yake huua ndani ya siku chache yakifichwa.

Kwanza, jua kinachonywewa

Usiulize tu "amekunywa?" Uliza amekunywa nini, kiasi gani, na kimetoka wapi.

Shirika la Afya Duniani hupima pombe kwa gramu za kileo safi, na kipimo kimoja ni gramu 10. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 80, yaani vipimo vinane. Anayeficha hupenda hiyo ndogo kwa sababu inaingia mfukoni au chini ya kiti cha gari, na hivyo siri yenyewe inamsukuma kwenye kinywaji kikali zaidi.

Ini la mtu mzima husafisha takriban kipimo kimoja kwa saa. Kahawa, kuoga maji baridi wala kutafuna miraa hakuliharakishi. Dereva aliyemaliza chupa hiyo ndogo saa 4 usiku bado ana pombe mwilini saa 11 alfajiri anapowasha gari kuelekea Elwak na Wajir, hata kama amelala, amepiga mswaki na anaongea vizuri.

Pombe ya magendo ina hatari ya ziada. Chupa halali nchini Kenya ina stempu ya Mamlaka ya Ushuru, na stempu hiyo inaweza kukaguliwa kwa programu ya simu inayoitwa Soma Label. Araki iliyomiminwa kwenye chupa ya maji haina stempu, haina kipimo, na hakuna wa kuulizwa. Wapo pia waliokosa chupa wakanywa vitakasa mikono au spiriti ya kusafishia vidonda. Katika vitu hivyo vyote inaweza kuwemo methanoli, sumu inayofanana na pombe kwa harufu na ladha. Kenya inaijua vizuri. Mwaka 2000 iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu.

Methanoli ina hila: mnywaji huamka akidhani ana uchovu wa kawaida wa ulevi, na dalili hujitokeza saa 12 hadi 24 baada ya kunywa. Mkimbize hospitali mara moja ukiona haya:

- kuona ukungu au weupe machoni, au kulalamika kwamba mwanga unamuumiza;
- kichwa kuuma vikali, kutapika na maumivu ya tumbo;
- kupumua kwa haraka na kwa kina kama mtu aliyekimbia;
- kuchanganyikiwa au kuwa mgumu kuamka.

Usimwache "alale itoke". Beba chupa au mabaki ya kinywaji umwonyeshe mhudumu. Na kama walikunywa watu watano, wafuate na wale wanne wengine hata kama wanasema wako salama.

Inavyoumiza mwili wa mtu wa huku

Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani. Miongoni mwa saratani hizo ni za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na kwa hesabu zake pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Lakini Mandera ina mambo yake yanayozidisha madhara.

La kwanza ni ini. Homa ya ini aina ya B imeenea katika Pembe ya Afrika, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua. Virusi hivyo na pombe vikikutana, ini hukakamaa mapema na hatari ya saratani hupanda. Mnywaji yeyote apimwe homa ya ini. Akikutwa hana, achanjwe.

La pili ni kifua kikuu. Ulevi hupunguza kinga na kuongeza uwezekano wa kuugua, na vidonge vya kifua kikuu vyenyewe vinaelemea ini. Mgonjwa anayekunywa huku akimeza dawa anajiweka katika hatari ya manjano, na mara nyingi huishia kuacha dawa. Ni hivyohivyo kwa kala-azar, ugonjwa unaojulikana sana Mandera na Wajir, ambao huvimbisha bandama na ini na ambao baadhi ya dawa zake huligusa ini. Mhudumu anayemtibu asipoambiwa ukweli, atapanga dawa kwa mwili asioujua.

La tatu ni joto. Pombe humfanya mtu akojoe sana na kupoteza maji. Katika mji ambao jua la mchana hupita nyuzi 35, mlevi aliyelala nje au ndani ya gari anaweza kufa kwa joto kabla ya mtu kugundua kwamba hakulala tu.

La nne ni miraa. Wanaochanganya hueleza hivi: miraa hukesheza, pombe hulaza. Mchana na usiku wanatafuna mpaka usingizi unakata, kisha wanatafuta chupa ya kuushusha mwili. Kwa kuwa miraa huficha dalili za ulevi, mtu hunywa kupita kiasi bila kuhisi, na moyo hubebeshwa vitu viwili vinavyouvuta huku na huku. Kama ndugu yako anatafuna kila siku na usingizi umemkimbia, muulize anautafuta kwa kitu gani.

Kwa mama mjamzito maneno ni machache: pombe hupita moja kwa moja kwa mtoto, huharibu ubongo wake unaojengeka, na uharibifu huo haurudi nyuma. Aache kabisa, na akiwa anakunywa kila siku aache chini ya usimamizi wa hospitali.

Maswali manne

Harufu si dalili ya kutegemea, maana mnywaji wa siri ni bingwa wa mafuta, uturi na peremende. Angalia zaidi mikono inayotetemeka asubuhi, jasho bila sababu, fedha zisizoelezeka, kukwepa msikiti au kukaa nyuma peke yake, safari fupi za jioni zisizo na maelezo, na hasira inayopoa ghafla baada ya kutoka kidogo.

Mkipata nafasi ya kuongea, wahudumu wa afya hutumia maswali manne mepesi, nawe unaweza kuyauliza kwa lugha yenu:

1. Umewahi kuhisi kwamba ungepaswa kupunguza?
2. Umewahi kukasirika kwa sababu watu wanakusema kuhusu kunywa?
3. Umewahi kujuta au kujiona na hatia kwa sababu ya kunywa?
4. Umewahi kunywa asubuhi ili mwili utulie, ile wanayoita kutoa loki?

Majibu mawili ya "ndiyo" yanatosha kumpeleka kwa mhudumu wa afya. Mandera karibu kila anayekunywa atajibu "ndiyo" kwa swali la tatu, kwa hiyo yape uzito zaidi la kwanza na la nne. "Ndiyo" kwa la nne pekee inatosha, na inabadilisha kila kitu kinachofuata.

Usimkatishe ghafla

Sehemu hii uisome mara mbili.

Mtu aliyezoea kunywa kila siku, hasa anayeanza asubuhi, mwili wake umejipanga kuishi na pombe. Ikikatika ghafla, ubongo hulipuka. Saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hudunda, kichefuchefu huja. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huona watu wasiokuwepo, husikia sauti, hupigana na ukuta, hupanda homa, na bila matibabu huweza kufa.

Sasa fikiria ni lini mnywaji wa Mandera hukatishwa ghafla. Ni pale kaka zake wanapomfungia chumbani ili "aache". Ni anapokamatwa na kuwekwa rumande. Ni anapovunjika mguu kwenye ajali ya pikipiki akalazwa wodini, na familia haisemi. Na ni usiku ule mwezi wa Ramadhani unapoandama, anapoapa kwa moyo safi kwamba hatagusa tena. Nia ni njema. Lakini hesabu siku: dalili mbaya zitamkuta siku ya pili au ya tatu ya mfungo, akiwa na kiu, ndani ya joto, na kila mtu nyumbani akishangaa imekuwaje mtu aliyeanza kutubu ameingiwa na wazimu.

Wengi hapo husema ni jini. Anaongea na watu wasioonekana, anatetemeka, haijui nyumba yake, kwa hiyo anapelekwa kusomewa. Asomewe, hakuna anayekataza. Lakini asomewe akiwa kitandani hospitalini, dripu mkononi. Sheikh mwenye hekima ukimweleza kwamba huyu alikuwa anakunywa kila siku na ameacha juzi, yeye mwenyewe atakuambia umkimbize.

Fanya hivi:

- Kama anakunywa kila siku, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Mandera au hospitali iliyo karibu nawe, iwe Elwak, Rhamu au Takaba, kabla hajaacha. Huko kuna dawa za kutuliza mwili zinazopunguzwa siku hadi siku mpaka hatari ipite.
- Mwambie mhudumu kwa maneno wazi: "Anakunywa kila siku, mara ya mwisho ilikuwa saa fulani." Sentensi hii huokoa ubongo. Wanywaji wengi hupungukiwa na vitamini B1, na akiwekewa dripu ya sukari kabla ya kupewa vitamini hiyo, kumbukumbu zake zinaweza kuharibika moja kwa moja. Mhudumu aliyeambiwa malaria hatajua.
- Kama umechelewa na ameshaacha, kaa naye siku nne za mwanzo usiku na mchana. Akianguka kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, kisha tafuta gari.
- Kama uko mbali na hospitali na mwili umeanza kutetemeka sana, mpigie mhudumu wa afya simu kabla ya kufanya lolote, na uanze kutafuta usafiri palepale. Usingoje kifafa.
- Usimnunulie diazepamu dukani ukampa mwenyewe. Ikikutana na pombe inaweza kusimamisha pumzi.
- Usimtilie "dawa ya kuacha pombe" kwenye chai bila yeye kujua. Dawa hiyo humfanya mtu augue vibaya akinywa, shinikizo la damu linaweza kuporomoka, na hutolewa kwa ridhaa ya mgonjwa chini ya daktari.

Kuhusu Ramadhani, jipangeni Shaaban. Mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga na kulipa baadaye, na wiki hizo za kabla ya mfungo zinatosha kumaliza hatua ya hatari hospitalini. Hapo ataingia mwezi mtukufu akiwa mzima.

Namna ya kuanza mazungumzo

Usimkabili akiwa amelewa, wala mbele ya wazee kumi. Mkusanyiko wa ukoo una mahali pake, lakini ukiitishwa kwanza humfundisha kujificha vizuri zaidi. Mchague mtu mmoja anayemheshimu na asiyemwogopa. Katika nyumba nyingi za Kisomali mtu huyo ni abti, ndugu wa mama, ambaye mpwa humwambia asichomwambia baba. Aende asubuhi, peke yake, na mazungumzo yawe mafupi:

"Mpwa wangu, nimekuja peke yangu, na maneno haya yanabaki kati yetu. Nimeona mikono yako asubuhi. Unakunywa kila siku?"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu, mpwa wangu. Nimeona mwenyewe. Nataka kujua jambo moja tu: usipoipata asubuhi, unakuwaje?"

"Siwezi kushika kikombe."

"Huo ni ugonjwa, na una matibabu. Kesho tunaenda hospitali mimi na wewe. Usiku huu usijilazimishe kuacha peke yako. Mama nitamwambia kwamba tunaenda kupima tumbo, mpaka utakapotaka mwenyewe kumweleza."

Tazama abti alichofanya. Hakuhubiri, hakutishia, hakudai ahadi ya kuacha milele. Aliuliza swali linalohusu hatari, akataja siku, na akajitolea kwenda naye. Mahubiri yatapata nafasi yake mgonjwa akishapona.

Akikataa, usivunje uhusiano. Mwambie utarudi, na urudi. Wakati huohuo mlinde aliye karibu naye. Kama kuna mke anayepigwa au watoto wanaoogopa, usalama wao unatangulia matibabu yake. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. Mke, mama au dada asibebeshwe lawama kwamba "hakumtunza vizuri". Hakuna mtu anayemnywesha mwenzake.

Baada ya hospitali

Kutoa pombe mwilini huchukua siku chache. Kubaki bila pombe ndiyo kazi. Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Watakusikiliza bila kuuliza jina, na watakuelekeza kwenye ushauri nasaha au kituo cha matibabu. Mamlaka hiyo inasimamia kituo cha Miritini, Mombasa, na Nairobi ipo Hospitali ya Mathari. Kabla ya safari, muulize mhudumu wa hospitali au wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ni gharama zipi bima yako inabeba, ili mgonjwa asirudishwe mlangoni.

Kuna neno moja la tahadhari. Baadhi ya familia huwapeleka vijana kwenye nyumba zinazoitwa za dhaqan celis, za kurudisha mtu kwenye maadili. Zipo zenye nia njema. Lakini kabla ya kumwacha ndugu yako popote, uliza maswali haya: kituo kimeidhinishwa na NACADA? Kuna daktari au muuguzi? Nani anamsimamia siku nne za mwanzo? Familia inaweza kumtembelea na kuongea naye faraghani? Mahali wanapofunga watu minyororo, wanapopiga, au wanapokuzuia usimwone, mtoe siku hiyohiyo. Viboko havitibu uraibu, na aliyefungwa mnyororo akishikwa na kifafa hana pa kukimbilia.

Akirudi nyumbani, msaidie na mambo matatu. Usingizi: pombe ilikuwa ndiyo dawa yake ya kulala, na akianza kutafuna miraa zaidi ili kuziba pengo, atarudi alikotoka. Kazi: mtu asiye na la kufanya kuanzia alasiri yuko hatarini. Na watu: apate angalau mmoja anayeweza kumpigia saa 5 usiku hamu ikimshika. Akianguka tena, mrudishe kwenye matibabu bila kelele. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na wengi huacha kabisa baada ya kujaribu zaidi ya mara moja.

Kama umetoka Kenya ya chini

Mwalimu, muuguzi, askari au fundi uliyehamishiwa hapa, mwongozo huu ni wako pia. Uko kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Nairobi, na pengine mbali zaidi na watoto wako. Mji umepitia mengi: shambulio la basi Novemba 2014, la machimbo ya Koromey Desemba mwaka huohuo, na mengine baadaye. Wengi walioona mambo hayo, wenyeji na wageni, hawalali vizuri hadi leo. Ukijikuta unahitaji pombe ya kantini kila jioni ili usahau au usinzie, kinachokusumbua kina jina na kina matibabu. Mwone mshauri nasaha wa hospitali, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Na wewe mkuu wa shule au wa kituo, mfanyakazi anayechelewa kila Jumatatu akitetemeka mpeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka mbele ya kamati ya nidhamu.

Sheria inakupa nini

Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu Mkenya 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anakunywa pombe, na 1 kati ya 20 amefikia kiwango cha ugonjwa. Serikali ina vifaa vya kupunguza madhara, na mwananchi wa Mandera ana haki ya kuvidai.

Sheria kuu ni ile ya Kudhibiti Vinywaji vya Kileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, kutokana na mbunge John Mututho aliyeipeleka Bungeni. Inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, inabana saa za baa kuwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na inaweka umbali wa mita 300 kati ya baa na shule. Machi 2024, baada ya vifo vya Kirinyaga, Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza hatua kali dhidi ya pombe haramu. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya inayopendekeza umri upandishwe hadi miaka 21, kama ulivyo ng'ambo ya Daua. Sera si sheria. Bunge ndilo la kubadilisha umri, na mbunge wako ana kura humo.

Lililo karibu nawe zaidi ni kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe na pia kazi za afya za kaunti. Serikali ileile inayoweza kukataa leseni ndiyo inayonunua dawa za kumtibu mnywaji. Watu wetu hudai la kwanza kwa sauti kubwa na kulisahau la pili.

Historia ya Kenya inatufundisha kwa nini yote mawili yanahitajika. Chang'aa ilikuwa marufuku kwa miongo mitatu, mpaka 2010, na miaka hiyohiyo iliendelea kupikwa na kuua. Marufuku hupunguza wanywaji, na hilo ni jema. Lakini wachache wanaobaki hunywa kilicho kikali zaidi, kichafu zaidi, na kwa kificho zaidi. Wasipowekewa mlango wa matibabu, marufuku huwaacha wafe.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa 2018, lilipendekeza hatua tano zilizothibitika kufaa: kubana upatikanaji, kuzuia ulevi barabarani, kuwatambua na kuwatibu wanywaji, kuzuia matangazo, na kupandisha bei kwa kodi. Pombe ya magendo hailipi kodi na haihitaji matangazo, kwa hiyo Mandera nguvu ziende kwenye zile tatu za kwanza. Kwenye mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti, au ukikutana na mwakilishi wa wadi, omba haya kwa majina yake:

- diazepamu na vitamini B1 zisikosekane katika hospitali ya rufaa na za kaunti ndogo;
- wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe kuuliza kuhusu pombe na miraa, na kutunza siri;
- mshauri nasaha wa uraibu anayezungumza Kisomali na Kiswahili;
- madereva wa mabasi wapimwe pombe kabla ya safari za alfajiri;
- selo za polisi ziwe na utaratibu wa kumpeleka hospitali mahabusu anayetetemeka.

Maimamu wana nafasi ambayo wizara haina. Khutba moja ikisema kwamba khamri ni haramu na kwamba aliyenaswa nayo ana haki ya kutibiwa na kusitiriwa, itafungua milango mingi kuliko mabango. Mwombe imamu wako aiseme Shaaban, wakati bado kuna muda wa kuifanyia kazi.

Na wewe, kabla ya juma hili kwisha, fanya mambo matatu: hifadhi 1192 kwenye simu yako, amua ni nani nyumbani anayeweza kuongea na mnywaji, na ujue anakunywa kila siku au la. Ukishalijua hilo la mwisho, unajua kama ana muda wa kushawishiwa taratibu au anatakiwa kufikishwa hospitali kesho asubuhi.